Nyumba Yenye Nafasi ya Kilio

Mama yangu alikuwa na swali moja tu kwa kila nyumba tuliyokwenda kuiangalia. Hakuuliza habari za maji wala za umeme. Hakuingia kwanza sebuleni kama watu wengine. Alipita moja kwa moja mpaka uani, akasimama katikati, akageuka taratibu kutazama kila upande, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Bantu bataikala wapi?"

Watu watakaa wapi. Muuzaji mmoja alidhani anaulizia vyumba vya kulala, akaanza kumtajia kimoja kimoja: hiki cha wazazi, hiki cha watoto, hiki cha mgeni. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akanitupia jicho la kusema twende zetu. Mimi nilijua anauliza nini. Alikuwa amevaa nyeusi kutoka kitambaa cha kichwa mpaka sketi, mwaka wa nne huo, na swali lake lilihusu nguo hizo.

Familia zetu ni za Wakatoliki waliotoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi kwenye reli na migodini, na kwetu mtu akifariki, kilio hukaliwa nyumbani kwake. Turubai kubwa, ambalo hapa Lubumbashi tunaliita bashi, linafungwa uani. Viti vinaletwa. Wanawake wanapika bukari, ule ugali wetu, kwenye masufuria makubwa, na mjane anakaa chini, juu ya godoro, pamoja na wanawake wa familia. Mwaka ukipita, au zaidi, watu wanarudi katika ua ule ule. Shangazi wa upande wa marehemu wanamwosha mjane, wanamvua nyeusi, wanamvika kitenge kipya, na watu wanakula na kucheza. Hapo ndipo kilio kinapoondolewa. Kabla ya siku hiyo mjane haendi arusini, haimbi, hajipambi, na akicheka anaziba mdomo.

Baba alipofariki tulikuwa wapangaji. Alikuwa fundi wa vichwa vya treni, akaishi miaka yake yote ya kazi katika nyumba ya reli, na alipostaafu ilimbidi airudishe. Akaja na mama kukaa kwangu na mume wangu, katika nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya mwenye lupango. Lupango ndilo neno letu la kiwanja kizima ndani ya ukuta wake, nyumba na ua na kila kitu. Asubuhi tulipopata habari kutoka hospitali, mume wangu alikwenda mbele kuomba ruhusa ya kufunga bashi. Mwenye lupango alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akatazama maua yake na vigae vipya alivyotandika uani, akasema, "Pole sana, kweli. Lakini kilio hapa kwangu, hapana. Muende kwa ndugu yenu."

Basi tukaenda kwa ndugu. Mjomba wangu alitupokea kwa moyo wote, lakini na yeye alikuwa na ua mwembamba anaogawana na wapangaji wengine. Godoro la mama likawekwa kwenye korido. Kila mtu aliyetaka kwenda kuteka maji alipita pale, na kila mara mama alikunja miguu kumpisha. Baba alitoka chumba cha maiti akaenda makaburini bila kupita nyumba yoyote ambayo angeweza kuiita yake. Waombolezaji walipotea njia, wengine wakarudi makwao. Nilikasirika siku ile, na sioni sababu ya kuficha kwamba bado nimekasirika.

Mwaka ulipopita, shangazi yangu, dada yake baba, alipiga simu kutoka kaskazini kusema wako tayari kuja kumvua mama nyeusi. Mama huamini kwamba simu inataka kelele, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia jibu lake: "Kilio inaishaka pa nyumba. Shiye hatuna nyumba. Mungojee."

Tulimpendekezea kwa mjomba. Akakataa. Tukampendekezea ukumbi wa parokia, ambao una viti vyake na choo safi. Akaniangalia mpaka nikaona haya. "Bwana yangu haikuwa mugeni," alisema. "Sitamutoshea kilio mu nyumba ya bantu."

Akabaki na nyeusi yake. Ilipochujuka nilimshonea nyingine. Siku mtoto wangu wa mwisho alipopokea komunyo ya kwanza, mama alimfunga riboni, akamsindikiza mpaka getini, akarudi ndani, kwa sababu hakutaka nyeusi yake ikae katikati ya magauni meupe. Kanisani siku hiyo niliimba bila yeye. Nilijiapiza kwamba nyumba tutakayonunua itakuwa na ua, hata kama paa lake ni la karatasi.

Sasa, mume wangu. Anafanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, anapanda basi la wafanyakazi kukiwa bado giza na kurudi jioni na vumbi jekundu kwenye nyusi. Ni mtu mpole, na ana kichwa kigumu kama watu wapole wengi. Alilelewa katika nyumba za kambi ya wachimbaji, ambazo familia moja ikitoka nyingine inaingia. Anakumbuka siku mama mmoja asiyemjua alipobisha hodi, akaomba kuona chumba alichozalia watoto wake, akasimama kwenye sebule yao akilia huku wao wameshika vijiko. Tangu siku hiyo aliona kwamba hakuna pembe ya nyumba ile iliyokuwa yao kweli. "Mi niko nataka nyumba yenye hakuna muntu alishalalaka mule," aliniambia hata kabla hatujaoana. "Batoto yangu bakuwe ba kwanza." Ni haki yake kutaka hivyo.

Na hakuweza kuzungumza na mama juu ya jambo hilo. Kwa desturi yetu mume wa binti hamkodolei macho mama mkwe wake, hali chakula meza moja naye, na akiwa na neno analipitisha kwa mke. Nyumba yetu ilikuwa na sebule ambayo watu watatu wakikaa magoti yanagusana, lakini desturi ni desturi. "Umuambie mama, gari iko tayari," mume wangu alisema huku akitazama dirisha. Mama, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumshika bega, alinijibu mimi: "Umuambie, mi nilishamusikia." Miaka minne nilikuwa posta ya nyumba ile, na barua zote zilikuwa wazi.

Nyumba mpya aliipata mume wangu, upande wa Ruashi, ambako kila ukipita unaona ukuta mwingine umepanda. Mfanyabiashara fulani aliijenga kwa ajili ya kuiuza, na hakuna aliyewahi kulala ndani yake. Dalali wake alitufungulia geti linalosukumwa kwa kidole. Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyoonyesha uso wako. Dari lilikuwa na taa zilizojificha. Kila chumba kilikuwa na bafu lake. Nisidanganye: nilipoona jiko, na bomba la maji ndani, na kabati mpaka juu, nilishika ukingo wa ile meza ya mawe nikasahau nilichojiapiza. Mume wangu alikuwa anafungua na kufunga milango. Alifungua hata ya kabati. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu alipomshika mtoto wetu wa kwanza.

Nilipotoka nje nilimkuta mama. Nyumba ilikuwa imejengwa mpaka karibu iguse ukuta wa lupango pande tatu, na mbele palibaki mahali pa gari moja, tena dogo. Mama alikuwa ameegemea nyumba kwa mgongo. Akanyoosha mkono, vidole vikagusa ukuta wa jirani. Safari hii hakuniuliza mimi. Alimuuliza dalali.

Dalali alicheka kwa heshima. "Maman, ile ni mambo ya zamani. Siku hizi kuko basalle, ukumbi ya kulipia. Banapanga viti, banapika kulekule, bikiisha banafunga mlango. Lupango yako inabakia propre, safi kabisa."

"Na mufu," mama alisema, "yeye anaagaka nyumba yake namna gani?"

Dalali alitazama simu yake. Mume wangu alikuwa amefika kibarazani na alisikia. Njiani aliongea nami juu ya madirisha ya nyumba ile mpaka tukafika, na mimi niliitikia kila kitu kwa sababu madirisha kweli yalikuwa mazuri.

Nyumba ya zamani niliipata mimi. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba jirani wa dada yake, kule Bel-Air, anauza. Mwenyewe alikuwa mzee mjane aliyestaafu, anataka kwenda kuishi kwa binti yake Likasi kabla magoti hayajamgomea kabisa. Nyumba ilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Matofali mazito, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta miaka na miaka, jiko jeusi kwa moshi, bati lenye kutu upande mmoja. Ufa ulishuka kutoka kona ya dirisha la sebule mpaka karibu na chini. Mume wangu alitia kidole ndani ya ufa, kikaingia mpaka kwenye kiungo cha pili. Akanigeukia bila kukitoa.

"Hii nyumba iko inachoka," alisema. "Tutalipa juu ya kukamata magonjwa ya bengine."

Lakini ua. Ulikuwa mpana, udongo umefagiliwa mistari, parachichi moja pembeni na kamba za kuanikia nguo. Mama alisimama katikati yake, akageuka taratibu kama kawaida yake. Nikasubiri swali. Hakuuliza. Alikwenda akagusa ukuta wa nyumba kwa kiganja, akaurudisha mkono, akaniambia kwamba yuko tayari twende.

Usiku huo, watoto wakiwa wamelala, mimi na mume wangu tuligombana kwa kunong'ona, maana mama alikuwa nyuma ya pazia. Yeye alisema pesa zetu zinatosha nyumba moja tu, hatutapata nafasi ya kukosea na kurudia. Alisema ufa ni ufa, na zege la Ruashi ni zege. Alisema, na hilo lilimtoka kwa shida, kwamba hataki siku moja mtoto wa yule mzee aje abishe hodi kwake kuomba kuona chumba. Nilimwelewa. Lakini mdomo wangu hauna breki, nikamwambia basi aende akamwambie mama mwenyewe kwamba atazikwa na nyeusi yake ili sisi tupate vigae. Aligeukia ukuta. Nikajua nimempiga mahali pabaya. Halafu alisema kwamba Jumamosi atarudi Bel-Air na mita, apime ule ufa na kuta zote, na kama hesabu haikubali, tutachukua Ruashi. Nilikubali. Nililala vibaya, na nadhani nyuma ya pazia hakukuwa na mtu aliyelala vizuri pia.

Jumamosi tulikwenda sote watatu. Mume wangu alivaa shati jeupe, mita mfukoni. Tulipokata kona ya barabara nilisikia wimbo wa kilio kabla sijaona kitu. Geti la mzee lilikuwa wazi pande zote mbili. Ua wote ulikuwa umefunikwa na bashi la buluu, na chini yake watu wamejaa: wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake na mbabula zao za makaa zikiwaka, na kando ya ukuta godoro na wafiwa.

Mzee alitukimbilia kadiri magoti yalivyomruhusu. "Munisamehe sana," alisema. "Voisine, jirani ya hapa pembeni, alikufa juzi. Kwake batoto balijenga mu lupango yote, hakuna hata fasi ya kuweka mbabula. Njo nilibafungulia hapa." Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Nilimwonea huruma, maana nani ananunua nyumba siku aliyoikuta imejaa watu wanaolia?

"Tutarudia siku ingine," mume wangu alininong'oneza. Lakini hata yeye alijua kwamba kilio hakipitwi hivi hivi. Ukishaingia getini unakaa. Akaenda upande wa wanaume, akapewa kiti. Mimi nilitoa pole kwa wanawake wa kwanza niliowakuta, nikageuka kumtafuta mama, nikaona hayupo nyuma yangu.

Alikuwa kwenye godoro. Wanawake wa kilio walikuwa wameona mama mtu mzima anaingia getini katika nyeusi kamili ya mjane, na hawakuuliza chochote. Walidhani ni ndugu aliyefika kutoka mbali, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye gari asubuhi na vijana wa mjini hawawajui. Wawili walimshika mikono, "Kuya, mama, kuya huku," wakawasogeza wengine, wakamkalisha katikati ya mabinti wa marehemu, mgongo ukutani. Naye kwa mshangao aliketi.

Niliona aibu. Nilianza kupenya katikati ya watu nikamtoe, huku nikipanga maneno ya kueleza. Sijafika, mama akaanza kulia.

Hakulia kwa adabu ya mgeni. Alilia kwa sauti yote, kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili chetu, mikono kichwani. "Baba ya batoto bangu," alisema, "nilikulilia mu korido ya bantu. Nilikulilia miguu ya kukunja." Mabinti wa marehemu walisikia kwamba analiliwa mwanaume, na wao walikuwa wamefiwa na mama, lakini hakuna aliyemrekebisha. Kwenye kilio kila mtu huishia kwa wafu wake. Binti mkubwa alimkumbatia, wakalia pamoja, na wimbo ukapanda juu yao.

Miaka minne sikuwa nimemsikia mama akilia. Kwa mjomba alilia na kitambaa mdomoni kwa ajili ya wapangaji, na baada ya hapo hakulia tena. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nilipogeuka nilimwona mume wangu amesimama upande wa pili, kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mkononi, akimtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilimwendea.

"Banazania ni ndugu yabo," nilimwambia. "Ngoja nikamutoshe."

"Umuache," alisema. "Umuache alie."

Upepo wa mvua za kwanza ulikuja mchana. Bashi lilijaa hewa, likapanda, kamba iliyofungwa kwenye parachichi ikakatika, na sufuria moja ya bukari ikanusurika kufunikwa. Wanaume walirukia kamba. Mume wangu ni mrefu, akapanda kiti. "Pale juu, papa, chini ya bati," mzee alimwambia. "Kuko bikulabu." Kweli, ukutani kulikuwa na kulabu za chuma, nene, zimezamishwa ndani ya matofali kwa mstari, mbele yote ya nyumba. Mzee alisema alizitia mwenyewe alipopata mtoto wa kwanza, kwa sababu alijua bashi litafungwa pale mara nyingi, la arusi, la komunyo, la vilio. Mume wangu alifunga kamba kwenye kulabu iliyo juu kabisa ya ule ufa, akakaa karibu nayo. Upepo ulivuta bashi mchana kutwa. Nilimwona akiinuka mara kwa mara kutazama ufa, akipitisha kidole, akirudi kukaa. Mita haikutoka mfukoni.

Jioni, bukari na sombe ya majani ya muhogo zilipogawiwa, binti mkubwa wa marehemu alimuuliza mama kwa upole yeye ni wa tawi gani la familia, ili amtambulishe kwa wadogo zake. Mama alifuta mikono.

"Mi si ndugu," alisema. "Nilikuya kuangalia nyumba."

Wanawake wa godoroni walitazamana. Kisha yule binti, macho yamevimba kwa kulia, alicheka, na aliyekuwa kando yake akacheka, na kicheko kikazunguka mpaka kwenye masufuria. "Basi, mama," alisema akimwongezea samaki, "iangalie muzuri."

Tulirudi nyumbani kwa gari. Mama alikaa nyuma kama siku zote. Mume wangu aliendesha taratibu, akavuka njia ya reli, akafungua mdomo. "Umuambie mama," alianza, na mimi nikajiandaa kupeleka barua. Lakini alisita, macho barabarani.

"Mama," alisema mwenyewe. "Ile nyumba iko na ufa."

Mama aliinama mbele. Halafu akanigusa bega. "Umuambie, ufa banazibaka."

"Jiko iko nyeusi."

"Umuambie, banapakaka chokaa."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikakohoa. Mume wangu naye alikuwa anatabasamu, japo alijaribu kuficha. "Basi, tutaikamata ile," alisema. "Kulabu ya juu ya ufa nilikuwa naiangalia mchana muzima. Haikutikisika. Lakini mlango ya mbele nitatengenezesha mupya, ya mbao ya mulombwa, na mi njo nitaifungua wa kwanza." Nikamwambia atengenezeshe hata milango yote na madirisha. Nilimpenda sana jioni ile, zaidi ya siku tuliyooana, na nilijua alichokiacha kule Ruashi hakikuwa kidogo.

Tulihamia baada ya mzee kwenda Likasi. Ufa ulizibwa na fundi, ukarudi kama uzi, ukazibwa tena, na sasa umetulia. Jiko nimelipaka chokaa mara mbili na bado kuna kona inayonishinda. Maji yanatoka yanapotaka. Siku za mvua kubwa tunaweka beseni mahali fulani kwenye korido, na watoto wanajua ni wapi bila kuambiwa. Nikipita Ruashi natazama nyumba zile mpya na nayaonea wivu mabomba yake, sikatai.

Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, shangazi yangu alishuka kutoka kaskazini na wanawake wawili wa upande wa baba. Kabla jua halijapanda walimwosha mama nyuma ya nyumba, wakamvua nyeusi, wakaondoka nayo, wakamvika kitenge cha manjano na kijani ambacho mimi ningekiona kikali mno. Padri alikuja akasoma misa uani. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye hakumbuki bibi yake akiwa na rangi, alimtazama muda mrefu kabla ya kumkaribia. Kisha muziki ukawekwa, na mama akacheza. Magoti hayakumruhusu sana, lakini mabega yalicheza. Mume wangu alikuwa mbali, upande wa wanaume kama inavyotakiwa, na alipiga makofi kuliko wote. Nililia mbele za watu na sikujali.

Majirani walikuwa wamekuja tangu asubuhi, na viti vyao kichwani. Alasiri, watu walipoanza kupungua, wale mabinti wa marehemu jirani walisogea pamoja mpaka tulipokaa. Mkubwa alisimama mbele ya mume wangu, kwa kuwa ndiye mwanaume wa lupango, akaanza kwa maneno ya kuzunguka. Alisema na wao karibu wataondoa kilio cha mama yao. Alisema kwao tunakujua, mtu hawezi hata kugeuka. Alisema hawataki kusumbua, wataacha pasafi, na kama haiwezekani hawatakuwa na neno, watatafuta salle.

Mume wangu alifungua mdomo. Na mimi nilifungua wangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kitenge kimemtanda mpaka miguuni, sahani ya wali magotini, na hakutungoja.

"Munaomba nini?" alimwambia. "Mulete bashi. Hapa hakuna muntu wa kukataza."